Sukari ya mama mkwe haishuki, na jiko langu ndilo linalolaumiwa

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimejifungia chooni, maana ndiyo sehemu pekee ya nyumba hii ambayo hakuna anayenihesabia vijiko. Naishi Mbagala na mume wangu, watoto wetu wawili, na mama mkwe ambaye tulimchukua kutoka Kilwa mwaka juzi kisukari kilipoanza kumwelemea. Ana miaka 67. Dawa za sukari anameza, na za presha pia, ile amlodipini. Mimi mwenyewe ndiye ninayemwekea mkononi asubuhi na kusimama hadi ameze.

Kliniki tunakwenda kila mwezi, na kila mwezi daftari lake linanitia aibu. Vipimo vya asubuhi kabla hajala: 13.6, 14.2, 12.9. Mwezi uliopita nesi aliniuliza mbele ya benchi zima, "Dada, kwani huyu bibi mnampikia nini?" Shangazi, nampikia ugali wa dona. Wali mara moja kwa wiki, tena kikombe kimoja. Mchicha, matembele, dagaa, samaki wa kuchemsha. Chai ya rangi yenye tangawizi, sukari hakuna. Mpaka watoto wanalalamika kwamba nyumba hii inanuka hospitali.

Wifi yangu yuko Kigamboni, anakuja siku za sikukuu. Aliandika kwenye grupu la familia: "Mama alikuwa mzima Kilwa, ameharibikia Mbagala." Mume wangu aliusoma ujumbe, hakujibu kitu. Sasa akirudi kazini anafunua sufuria kabla hajanisalimia.

Kuna mambo sijamwambia mtu. Ninapofua foronya ya mama nakuta madoa ya rangi ya kutu. Nilipomuuliza alisema ni tambuu. Kweli ujanani alikuwa mla tambuu, lakini tangu aje sijamwona na jani wala chokaa. Kisha mtoto wangu wa miaka sita, bila adabu, alimwambia, "Bibi, mdomo wako unanuka kama ndoo ya samaki." Baba yake alimfokea mpaka akalia. Tangu siku hiyo mama akiongea anaweka ncha ya kanga mdomoni. Nyama anaizungusha, anaizungusha, halafu anaitoa kimya kimya na kuiweka ukingoni mwa sahani. Mchicha anasema unamkwama. Na wiki jana nilipogeuza godoro lake nikakuta karatasi za biskuti, saba nilizihesabu. Sijasema, maana nikisema nitakuwa namsingizia mama wa watu.

Yeye mwenyewe anasema ni uzee, meno nayo yanachoka. Wifi anasema kuna fundi wa meno mtaani anang'oa kwa bei nafuu, basi ang'olewe yote yaishe. Mimi ni mkwe, siwezi kumwambia mama mkwe wangu apanue mdomo nichungulie. Naomba uniambie ukweli: meno na sukari yanahusiana, au natafuta tu pa kujitetea?

Mkwe, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu. Kwanza toka huko chooni.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili macho yangu yamesimama kwenye ile foronya. Kabla sijaanza kuandika safu hii nilikuwa muuguzi, na miaka yangu ya mwisho kazini niliimalizia chumba cha meno. Madoa ya rangi ya kutu kwenye mto wa mtu asiyekula tambuu mara nyingi ni damu ya fizi iliyochuruzika na mate usiku. Ukichanganya na harufu, na nyama isiyotafunika, na sukari isiyosikia dawa, mimi ningekuwa nesi yule wa kliniki nisingekuuliza habari ya dona. Ningemwambia bibi afungue mdomo. Lakini ndivyo tulivyozoea: mgonjwa wa kisukari anaangaliwa miguu, anapimwa macho, mkojo unapelekwa maabara, na kinywa kinaachwa kama vile ni mali ya idara nyingine.

Ndiyo, vinahusiana, na kila kimoja kinamchochea mwenzake. Nianze na ugaga, kwa kuwa wewe wa Mbagala utanielewa haraka. Unaujua ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika ukichemsha maji ya kisima yenye chumvi? Meno nayo yana wa kwao. Ule utando laini unaoukuta ukipitisha kucha kwenye jino asubuhi ni makazi ya bakteria. Usipoondolewa, madini ya kwenye mate yanaugandisha taratibu, na ukishaganda mswaki hauutoi tena, hata usugue mpaka mkono uume. Ugaga ukishuka chini ya ufizi, ufizi unavimba, unaachana na jino, na pale katikati panabaki mfuko. Ufizi mzima una kina cha milimita 1 mpaka 3. Aliyeugua utakuta 5, 6, na zaidi, na ndani ya mifuko hiyo nyama ni mbichi, ndiyo maana akigusa tu inatoka damu.

Sasa zungusha mifuko hiyo kwenye meno yote aliyonayo. Waliokadiria ukubwa wa kidonda hicho kwa mtu ambaye fizi zimeugua walipata sentimita za mraba kati ya 8 na 20. Chukua kiberiti hapo jikoni kwako, utazame upande wake mpana: huo ni kama 17. Mama mkwe wako angekuwa na kidonda cha ukubwa huo mguuni, chenye usaha, nyumba nzima isingelala, na wifi angevuka na pantoni usiku huohuo. Kwa kuwa kimefunikwa na midomo, na sasa na kanga, kinaitwa uzee.

Mwili haukiiti uzee. Unapigana nacho mchana na usiku, na kemikali zinazotolewa katika mapigano hayo zinaingia kwenye damu na kuifanya insulini, ile inayoshusha sukari mwilini, isisikilizwe vizuri. Sukari inabaki juu hata dawa ikimezwa. Upande wa pili, sukari ikikaa juu inapunguza nguvu ya mwili kupambana na bakteria, inakausha mate, inakaribisha fangasi, ule utando mweupe kwenye ulimi, na kidonda chochote kinachelewa kupona. Fizi zinazidi kuoza, sukari inazidi kupanda. Mtu anaweza kuzunguka humo miaka huku akibadilishiwa unga tu.

Sitakudanganya kwamba akitibiwa fizi kisukari kitaondoka. Utafiti mwingi uliokusanywa pamoja unaonyesha kuwa fizi zikitibiwa vizuri, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, wanachokiandika HbA1c, kinashuka kwa takriban asilimia 0.4. Yaani aliyekuwa na 9 anafika kama 8.6. Wasiojua wataona ni kidogo. Waulize madaktari wa kisukari, watakwambia wamewahi kuongeza kidonge kizima wakiwinda punguzo la namna hiyo. Lakini kinachobaki juu bado kina sababu nyingine, na daktari wake anapaswa aendelee kuzitafuta: kipimo cha dawa, figo, maambukizi mahali pengine.

Halafu kuna zile biskuti. Nakupongeza kwa kunyamaza. Mwanangu, mama huyo si mdokozi, ana njaa. Wewe unapika dona, mchicha na nyama, vyote vinataka kutafunwa, na kila anapotafuna anaumia au jino linacheza. Anaacha, analala njaa kwa heshima, na usiku anachovya biskuti kwenye maji kwa kuwa ndicho kitu kinachoyeyuka bila jino. Biskuti, mkate mweupe uliolowekwa, uji mwepesi, ndizi mbivu: ndio mlo wa mtu mwenye meno mabovu, na ndio mlo unaopandisha sukari haraka. Basi kinywa chake kinampandishia sukari kwa njia mbili, ya kidonda na ya chakula, na sufuria yako anayoifunua mumeo kila jioni haina habari.

Tena umetaja amlodipini. Hiyo dawa, na ndugu yake nifedipini, kwa baadhi ya watu huzifanya fizi ziote na kuvimba mpaka zinafunika sehemu ya jino, hasa kinywa kikiwa kichafu. Huenda kwake haimo, huenda imo. Asiiache. Narudia, asiiache hata siku moja kwa uamuzi wa nyumbani, presha haina mzaha. Daktari wa meno aambiwe tu kuwa anaitumia, na akiona fizi zimeota atawasiliana na daktari wa presha, maana dawa mbadala zipo.

Na kwa kuwa alikula tambuu: popoo ndani ya tambuu inajulikana kusababisha saratani ya kinywa, iwe na tumbaku au bila, na kuacha hakufuti yote yaliyopita. Daktari amwangalie mashavu kwa ndani na chini ya ulimi. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili au tatu, baka jeupe au jekundu lisilofutika, au mdomo unaozidi kuwa mgumu kupanuka, havisubiri sikukuu.

Tuje kwenye lililokufungia chooni. Hapo uko sahihi kabisa: mkwe hamwambii mama mkwe wake apanue mdomo. Kwetu pwani hata kumwangalia anavyotafuna ni utovu wa adabu. Ila nyumba hiyo ina watu wawili wanaoweza.

Wa kwanza ni wifi yako. Najua, ndiye uliyetaka kumlalamikia. Lakini yeye ni mtoto wa kumzaa, na mtoto wa kike na mama yake hawana pazia. Mpigie simu, usiandike kwenye grupu. Usimjibu habari za Kilwa na Mbagala. Mwambie: "Wifi, mama anatoka damu fizi usiku na nyama haitafuni. Mimi naona haya kumwangalia. Njoo Jumamosi umwangalie wewe." Mpe taa ya simu akamuulike. Nitashangaa kama ataona jino moja na kunyamaza. Atakayekwenda kuandika kwenye grupu atakuwa yeye, na yeye ndiye wanayemsikiliza.

Wa pili ni yule mjukuu aliyefokewa. Baba yake amekosea, ingawa simlaumu sana, alitaka kulinda heshima ya mama yake. Bibi na mjukuu ni watani. Mtoto anaruhusiwa kusema asichoruhusiwa kusema mtu mzima, ndiyo maana ukweli wa nyumba hiyo umetoka kwake. Mtoto wa miaka sita, zaidi ya hayo, hawezi kupiga mswaki vizuri peke yake, anahitaji mtu mzima wa kumsimamia mpaka afike kama miaka saba au minane. Basi mwombe mama mkwe wako kazi hiyo: "Mama, huyu mtoto wako ananishinda usiku, naomba umsimamie kupiga mswaki." Weka vikombe viwili, miswaki miwili, kigoda kimoja. Sijawahi kuona bibi aliyesimama na mjukuu mwenye povu mdomoni akabaki yeye mkono mtupu. Na mtoto atamcheka, na bibi atamtania, na ile kanga itashuka yenyewe.

Usiku nasisitiza kwa sababu mji huu wote tunapiga mswaki asubuhi kabla ya chai, kama vile tunaosha kinywa kwa ajili ya watu wa kwenye daladala. Wakati wa kulala mate yanapungua, na hapo ndipo bakteria wanafanya sherehe.

Mswaki uwe laini. Dawa ya meno iwe yenye floraidi, kwenye boksi kipimo chake kiwe kimeandikwa ppm kati ya 1,000 na 1,500. Dakika mbili, brashi ilazwe kidogo pale jino linapokutana na ufizi. Akimaliza ateme, asisukutue kwa maji mengi, ile floraidi ibaki kazini. Siku za kwanza damu itaongezeka na ataogopa, atasema mswaki unamuumiza. Asiache. Kwa wengi inapungua ndani ya wiki moja au mbili, na isipopungua ndiyo sababu nyingine ya kwenda hospitali. Katikati ya meno mswaki haufiki, na kwa umri wake, fizi zikiwa zimeshuka, vile viburashi vidogo vya kupenyeza vinamfaa kuliko uzi. Kama anaupenda mswaki wa kijiti, wa ule mti uitwao mswaki, asinyimwe, ni mzuri na ni sunna kwa aliye Muislamu, ila watu wengi wanasugua meno ya mbele yanayoonekana na kusahau magego na upande wa ndani. Atumie vyote viwili. Mkaa uliosagwa na jivu hapana, vinakwangua jino. Mafuta ya karafuu nayo yanatuliza maumivu lakini yakimwagwa kwenye ufizi yanauunguza, na jino linaendelea kuoza chini ya utulivu huo.

Hayo yote hayaondoi ugaga uliokwisha kushuka chini. Huo unakwanguliwa na daktari wa meno, kwa mashine na vyuma, mara nyingine kwa ganzi, na huenda ukahitaji kurudi mara mbili tatu. Kwa kuwa mko Mbagala, hospitali ya rufaa ya mkoa ya Temeke haiko mbali, kinywa na meno wapo. Muhimbili pia wapo, na chuo kikuu cha afya pale kina shule ya meno ambako wanafunzi wanatibu wakisimamiwa na walimu wao. Kama ana bima, uliza kabla ni huduma zipi za meno zinalipiwa, msije mkagombana na dirisha la malipo.

Kwa fundi wa mtaani asikanyage. Wifi anaona bei ya kung'oa, haoni koleo lilichemshwa lini. Mgonjwa wa kisukari mwenye sukari ya 14 akifunguliwa kidonda na chombo kichafu anaweza kupata usaha unaoshuka chini ya ulimi mpaka shingoni na kuziba njia ya hewa. Nimeiona, mara moja, na sitaki kuieleza. Hata hospitali si lazima yang'olewe yote. Linalocheza sana litatoka, lililobaki likisafishwa linaweza kuishi miaka. Na yakitoka yote bila mpango wa meno ya bandia, mmemhukumu uji na mkate maisha yake yote, halafu mje mnililie habari ya sukari.

Siku ya kwenda, mwende asubuhi. Ale kama kawaida na ameze dawa zake kama kawaida, asije akafunga kwa kudhani anakwenda kupimwa damu, akaanguka kwa sukari kushuka. Beba daftari la kliniki, maboksi ya dawa zote pamoja na aspirini kama anapewa, na mashine ya sukari kama mnayo. Mkirudi kliniki ya kisukari, mwambieni nesi yule kilichoonekana. Mwambie kwa upole, na sauti iwe ileile aliyokuulizia.

Ikitokea kabla ya siku hiyo shavu au shingo imevimba, ana homa, anashindwa kumeza au kupanua mdomo, usingoje wifi wala miadi. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Wasomaji wengine, najua mtaniandikia. Kusugua meno hakutibu presha wala hakuzuii kila ugonjwa, msinisomee vibaya. Wenye fizi mbovu wanaugua moyo zaidi kuliko wenye fizi nzima, hilo limeonekana tena na tena, ila kama fizi ndizo zinazousababisha bado linabishaniwa, maana sigara na kisukari vinaharibu vyote viwili kwa pamoja. Lisilo na ubishi ni la wenye vali, yaani vile vilango vya ndani ya moyo, mbovu au za bandia: bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu wanaweza kukaa juu ya vali na kuila. Ndiyo maana mtu anayejiandaa kubadilishiwa vali hutakiwa kwanza aonane na daktari wa meno. Kama umewahi kuambiwa una tatizo la vali, mwambie daktari wa meno kabla hajagusa kitu. Na wajawazito, fizi kuvimba ni homoni, na mnaweza kusafishwa meno mkiwa na mimba. Hakuna mtoto anayekula jino la mama yake.

Narudi kwako, Mkwe. Mpaka siku ya daktari, badilisha jiko kidogo, si kwa sababu umekosea bali ili ale ashibe. Maharage au kunde, chemsha mpaka ziive sana, ponda kwa mwiko. Mchicha ukate mwembamba kabla ya kupika, usikwame. Samaki mtoe miba, umpe na mchuzi wake mwepesi. Yai. Parachichi kipande. Dona kiasi kilekile, ila usonge laini. Akishiba jioni, mkono hautaingia chini ya godoro. Zile karatasi saba zitupe, na usimwambie mtu, hata mumeo.

Barua ya pili niandikie ukiwa umekaa sebuleni.